Watu 9, wahusika 13: tugawane vipi nafasi?

Mkazi wa Tudor

Salaam jamani, kutoka Mombasa. Kikundi chetu cha maigizo kina watu 9, wanawake 4 na wanaume 5, mbali na mwelekezi. Mchezo tumeuandika wenyewe, kurasa 42, kama dakika 75 hivi. Wahusika ni 13: wanaume 8, wanawake 5. Tutaucheza Agosti, nje, uwanja wa shule, saa mbili usiku baada ya Isha, bila maikrofoni. Nani acheze nafasi mbili, na tutajuaje kwamba hazitagongana? Halafu wawili wanaililia nafasi ya nahodha, na nyuma ya jukwaa hakuna anayetaka kukaa. Mwaonaje?

Pazia Jeusi

Anza na wasiocheza. Mmoja awe meneja wa jukwaa, mwingine ashike taa na sauti, na wasipewe hata mstari mmoja. Ukitoa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wabaki 7. Nahodha acheze nahodha tu, wanaume watatu waliobaki wachukue mbili mbili, hizo ni 7. Wanawake watatu nao mbili mbili, 6. Zimetimia 13. Nafasi moja ya kiume itamwangukia mwanamke. Muswada ni wenu, basi tarishi au mwenye nyumba mfanyeni mwanamke, kuliko kumbandika dada wa watu masharubu yatakayong'oka kwa jasho kabla ya onyesho la pili.

Kuhusu kugongana, chora jedwali. Majina ya wahusika yaende chini, safu ziende kulia. Ila safu isiwe onyesho zima. Kata safu mpya kila mtu anapoingia au kutoka. Onyesho moja laweza kukupa safu tano au sita. Tia alama mhusika akiwa jukwaani, na juu ya kila safu andika ina kurasa ngapi. Wahusika wawili wasiokutana kwenye safu yoyote, na kati ya kutoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine pana angalau kurasa 2, wanaweza kuchezwa na mtu mmoja. Kwenu kurasa 2 ni dakika tatu na nusu, zatosha kubadili nguo ya juu na kofia. Kama kuna rangi ya uso, tafuta kurasa 4. Wengi hutazama maonyesho tu, wakaona nafasi hazigongani, kumbe mzee anatoka mstari mmoja kabla mvuvi hajaingia.

Fundi wa Maleba

Hapo kwa mzee na mvuvi: mvuvi avae kikoi na fulana kwanza, kanzu na koti la mzee vije juu. Akitoka anavua tu. Wanawake wana bahati, buibui laficha dera la nafasi ya pili lote. Vifungo vishonwe juu kama pambo, chini yake tia velkro. Lakini velkro hupiga kelele, kwa hivyo chumba cha kubadilia kisiwe nyuma tu ya pazia.

Nguo peke yake haitoshi. Mtazamaji akiiona sura ile ile atadhani mzee amejibadilisha ili amvizie mtu, na hadithi yenu imepinda. Mzee avae makubadhi, mvuvi awe pekupeku; mwendo utabadilika wenyewe. Na kabla mvuvi hajaingia, mwenzake jukwaani amtaje: "Huyo Athumani yuwaja." Mstari mmoja tu, kazi imekwisha.

Taa ya Tatu

Nahodha: waite wote wawili, wasome ukurasa mmoja. Kisha mwelekezi awape agizo moja lililo kinyume na walivyosoma, mfano hasira isemwe kwa sauti ya chini, warudie. Mpe anayebadilika. Mwenye sauti nzuri asiyeshika agizo atawachosha mpaka siku ya mwisho.

Agosti ni kusi, upepo watoka kusini. Jukwaa liwe upande wa kusini wa uwanja, watazamaji kaskazini, upepo uwabebee sauti. Mkigeuza, safu za nyuma hazitasikia kitu. Mapazia yafungwe mifuko ya mchanga chini. Na taa hamwezi kuzielekeza jua likiwepo, kwa hivyo tengeni usiku mmoja kabla, kuanzia saa ya magharibi, bila waigizaji.

Mkazi wa Tudor

Ahsanteni sana. Mkumbushaji je, wa kumtajia mwigizaji mstari aliousahau? Watu wameisha.

Pazia Jeusi

Mkumbushaji lazima, hata mkimwazima nje ya kikundi. Aanze siku mnapoweka miswada chini mkacheza kwa kichwa, si wiki ya kuucheza mbele ya watu. Kwenye nakala yake atie mkwaju (/) kila penye kimya cha makusudi, asije akamkatiza mtu anayevuta pumzi. Akikumbusha atoe maneno matatu ya mwanzo wa mstari, kwa sauti wazi. Kunong'ona kwasikika na watazamaji, mwigizaji asisikie.

Taa ya Tatu

Kwa uwanja wa nje mimi sikubali. Upepo utammeza. Afadhali mazoezini mwelekezi amnyamazishe mtu ghafla, na mwenzake ajifunze kuokoa kwa swali: "Kwani hukuenda bandarini?" Swali libebe habari iliyosahaulika. Mkumbushaji abaki wa mazoezi.

Fundi wa Maleba

Ninyi wawili hilo hamtapatana. Mimi naongeza la meza ya vifaa. Itandike karatasi nyeupe, chora umbo la kila kifaa pale kinapokaa, andika jina. Meneja akitupa jicho ataona pengo mara moja. Kila mtu achukue chake mwenyewe na akirudishe mwenyewe. Na wanaovuka feri kutoka Likoni waambiwe wafike saa kumi na moja jioni, hata kama wanaingia onyesho la tatu.

Mkazi wa Tudor

Tunao wawili wa Likoni. Leo usiku nalichora jedwali, nikiona safu zinazobana nitaziweka hapa.