Finney (Kansas) au Buena Vista (Iowa): wapi pa kuhamishia familia?

MwanaNyarugusu (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Niko Texas tangu 2018, nilitoka kambini Kigoma na mke na watoto wawili, wa tatu kazaliwa huku. Kodi ya nyumba imepanda mpaka mshahara wa ghala unaishia mkononi mwa mwenye nyumba. Nimepata njia mbili, zote za viwanda vya nyama. Moja iko Garden City, kaunti ya Finney, kusini-magharibi mwa Kansas. Nyingine iko Storm Lake, kaunti ya Buena Vista, kaskazini-magharibi mwa Iowa. Mishahara nimeshailinganisha, tofauti yake ni ya kununulia sukari tu. Nataka yale ambayo karatasi ya kazi haisemi: huko kumepita nini, wanaishi kina nani, na mpini kaushika nani. Nimekulia mahali ambapo kila kitu kiliamuliwa na watu tusiowahi kuwaona. Sitaki kurudia.

KisuButu
Kaka, karibu. Mimi nilikaa Garden City miaka minne, kwa hiyo nitasema ya Finney, ya Iowa waseme wenyewe.

Kwanza harufu. Mji umezungukwa na mazizi ya kunenepeshea ng'ombe, na upepo ukigeuka utaila hiyo harufu na chai. Wenyeji wanaiita harufu ya pesa. Wiki ya tatu hutaisikia tena, lakini kila mgeni wako atakuuliza.

Kabla ya nyama palikuwa mji wa reli na viazisukari. Kiwanda cha sukari kilijengwa 1906, na Wamexico walikuja zamani hizo kulima viazi na kutandika reli, kwa hiyo ukisikia mtu anasema Wamexico ni wageni pale, mwache tu. Mwishoni mwa 1980 kampuni ya nyama ya IBP ikafungua machinjio makubwa pale Holcomb, magharibi kidogo ya mji. Sasa ni ya kampuni ya Tyson. Wavietnamu wakaja miaka hiyo hiyo, kisha Wamexico wengi zaidi na watu wa Amerika ya Kati, baadaye Waburma na Wasomali. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 38,470 kaunti nzima. Ukiingia dukani Jumamosi utasikia Kihispania kabla ya Kiingereza.

Ila ujue kitu kimoja. Usiku wa Krismasi 2000 kiwanda cha pili cha mji, cha ConAgra, kiliungua. Wafanyakazi zaidi ya 2,000, na hakikujengwa tena. Halafu Agosti 2019 Holcomb nayo ikashika moto, Ijumaa usiku. Jirani yangu, mzee wa Kivietnamu, alitoka barazani na taulo begani, akaangalia ule moshi, akasema neno moja tu: "Krismasi." Akarudi ndani. Nilikuja kumwelewa asubuhi. Bahati nzuri safari hii waliendelea kulipa watu, na mwisho wa mwaka ng'ombe walianza kuingia tena. Lakini zile wiki mji mzima ulikuwa unazungumza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani.

NjoroBoy
Swali la Mkenya: gavana wa Finney ni nani na anapata mgao gani kutoka serikali kuu? Hapo ndipo siasa ya kaunti huanzia kwetu 😄

KaraniMstaafu
Njoro, hakuna. Sahau kabisa kaunti ya kwenu. Gavana ni wa jimbo zima, yuko Topeka, mji mkuu wa Kansas. Kaunti ya Kansas inaendeshwa na makamishna wachache wa kuchaguliwa. Finney wako watano. Pembeni yao kuna watu wengine ambao wananchi wanawachagua mmoja mmoja: sherifu, karani wa kaunti, mweka hazina, mwanasheria. Kamishna hawezi kumfukuza sherifu. Na pesa kubwa ni kodi ya ardhi na majengo ya hapo hapo, kwa hiyo mwenye kiwanda na mwenye shamba kubwa wanasikilizwa hata wakikohoa.

Mwenye mada, mtu wa kumjua ni karani. Huyo ndiye anayesimamia uchaguzi kwenye kaunti ndogo, na yeye ndiye anayesema kituo cha kura kiwe wapi. Mtasema hilo ni jambo dogo.

DerevaWaUsiku
Si dogo hata kidogo. Nenda kilometa kama 90 mashariki ya Garden City, kaunti ya Ford, Dodge City. Viwanda viwili vya ng'ombe, Walatino ndio wengi mjini. Mwaka 2018 kituo kilikuwa KIMOJA kwa wapiga kura kama 13,000, na mwaka huo wakakihamisha nje ya mji, maili nzima kutoka kituo cha basi, kisa ujenzi. Watu wakaenda mahakamani, jaji akasema uchaguzi umekaribia mno. Mwaka uliofuata kaunti yenyewe ikafungua viwili ndani ya mji. Nimeshusha mizigo pale mara nyingi. Watalii wanaletwa kuona masherifu wa zamani na bastola zao, ukumbi ule wa kura hawapelekwi.

MamaRiziki
Salamu kutoka Storm Lake. Baba watoto wa Nyarugusu, hodi, mimi ni wa kambi ya Mtendeli kwa hiyo tumeshakuwa ndugu.

Huku ni kudogo, kaunti nzima watu 20,823 kwa sensa ile ile. Kuna ziwa la kweli, watoto wanavua samaki jioni, siyo mchanga mtupu kama mto wa wenzetu wa Kansas. Nyama ya huku ni nguruwe na bata mzinga. Kama dini yako haikuruhusu kushika nguruwe, uliza mapema unapangwa kiwanda kipi, usingoje siku ya kwanza kazini.

Historia yake usiisome kwenye mabango. Palikuwa na kiwanda cha Hygrade, wafanyakazi wenye chama chao cha kutetea haki, mishahara mizuri, watu walijenga nyumba kwa kazi ile. Kikafungwa 1981. Mwaka uliofuata IBP ikakifungua upya kwa mshahara wa chini. Wazee wengi wa hapa hawakurudi, na sisi wa mataifa mengine ndio tuliojaza zile nafasi: kwanza Walao, yaani watu wa Laos, kisha Wamexico, na wengine mpaka leo. Ndiyo maana ukikutana na mzee mwenye kinyongo, usidhani ni rangi yako peke yake. Anakumbuka malipo yake ya 1980.

Na tuna gazeti. Msicheke. Gazeti la familia, la mji mdogo, na mhariri wake Art Cullen alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari, 2017. Bodi ya maji ya Des Moines ilikuwa imezishtaki kaunti tatu, ya kwetu ikiwemo, kwa sababu mbolea ya mashambani inapita kwenye mabomba ya chini ya ardhi mpaka mto Raccoon, ambao Des Moines, mji mkuu wa jimbo letu, unakunywa. Kaunti zikaweka mawakili wa bei mbaya. Yeye akauliza swali moja tu, kila wiki: nani anawalipa? Kumbe ni pesa za wakubwa wa kilimo ambao majina hayakutajwa. Kesi ilitupwa 2017, lakini mjini kila mtu alishajua.

KisuButu
Mama Riziki kanigusa. Kwa maji, Kansas ni mbaya zaidi, niseme ukweli. Mto Arkansas pale Garden City ni daraja juu ya mchanga. Kila kitu kinatoka Ogallala, lile bwawa la chini ya ardhi: maji yanavutwa, yanamwagilia mahindi, mahindi yanalisha ng'ombe, ng'ombe wanaingia kiwandani. Ukipita na ndege utaona mashamba ya duara kama sarafu zimemwagwa. Na kisima kinashuka, kwa sababu mvua hairudishi hata robo ya kinachovutwa. Siasa yote ya Finney iko chini ya hilo, hata siku hawalitaji.

NjoroBoy
Kwa hivyo Kansas maji yanaisha, Iowa maji yapo lakini yana mbolea. Chagua ugonjwa 😂

BintiWaPwani
Samahani jamani, hamjasema la 2016. Huyu ana watoto. Wanaume watatu walipanga kulipua nyumba za kupanga walikokuwa wakiishi Wasomali Garden City, na chumba chao cha kuswalia, siku moja baada ya uchaguzi. Mseme.

KisuButu
Nilikuwepo. Sikulitaja kwa sababu bado linanisumbua, siyo kwa kulificha. Walikamatwa Oktoba, kabla hawajafanya lolote. Mtu wa FBI alikuwa ndani ya kikundi chao. Walifungwa miaka 25, 26 na 30. Mkuu wa polisi alienda mwenyewe kukaa na Wasomali. Kaunti inapigia kura chama cha Republican tena bila kubabaika, na watu hao hao wakaja na vyakula. Yote mawili ni kweli, sikupatanishii.

MamaRiziki
Na sisi tulikuwa na Steve King, mbunge wa Kongresi aliyekuwa akitutukana kwenye televisheni. Januari 2019 chama chake mwenyewe kikamnyima kamati zote, Juni 2020 akaangushwa kwenye mchujo. Kaunti bado ni ya chama kile kile. Kaka, wewe una uraia?

MwanaNyarugusu
Nimeapa mwaka jana, dada. Mke bado, fomu ziko njiani.

KaraniMstaafu
Basi hapo ndipo penye tofauti. Kwenye kaunti hizi kazi inafanywa na wengi na kura inapigwa na wachache, kwa sababu wafanyakazi wengi hawajapata uraia. Kamishna anaweza kushinda kwa kura ambazo ukizigawa hazijazi kanisa lako. Ukihamia, jiandikishe kura wiki ile ile unayobadilisha leseni.

NjoroBoy
Neno la mwisho kuhusu Finney. Mbele ya mahakama ya kaunti kuna sanamu ya mwanzilishi mmoja wa mji, Buffalo Jones. Mnajua 1910 mzee huyu alikuja Kenya na vijana wake wa kuchunga ng'ombe, akawa anafunga faru na simba kwa KAMBA? Siyo risasi. Babu zetu lazima walisimama pembeni wakisema huyu mzungu kapata nini.

MwanaNyarugusu
😂😂 Mke wangu kasoma uzi wote. Kasema Iowa, kwa sababu ya ziwa na Mama Riziki. Mimi roho ilikuwa Kansas kwa sababu shemeji yupo Dodge City, lakini ile taulo ya mzee wa Kivietnamu imenikalia. Ijumaa tunaendesha kwenda Storm Lake kuangalia. Dada, tutafika usiku, tuandalie maji ya kuoga tu, chakula tunacho.

MamaRiziki
Chakula mnacho? Wewe unataka kunigombanisha na mkeo.