Binti anataka kuishi kwa dansi ya tapu. Nimwambieje?

Baba Tatu (Brampton, Kanada)
Wadau, habari zenu. Binti yangu wa mwisho ana miaka 16. Tangu darasa la tano anacheza tapu, ile dansi ya viatu vyenye vyuma kwenye soli. Nilidhani ni mchezo wa Jumamosi tu. Juzi ananiambia chuo hataki, anataka awe mchezaji, "na baadaye nifundishe, baba." Hilo la kufundisha kalitupia mwishoni, kama muuza nyanya anapokuongezea moja. Mama yake kimya, maana yake alishajua zamani. Kuna anayeijua kazi hii? Inalisha?

Mtu wa Voi
Kaka, si ni kupiga njuga bila njuga hiyo 😀 Asomee uuguzi, wikendi acheze.

Bi Tanga wa Burnaby
Mtu wa Voi, hebu tulia.

Baba Tatu, mimi nilianza tapu na miaka 38, wanangu wakinicheka. Sasa nina 51. Siku za kazi niko jikoni kwenye nyumba ya wazee, Jumanne jioni na Jumamosi nafundisha watoto. Nikupe habari za bibi mmoja aliyeishia huku kwetu: Jeni LeGon, mzaliwa wa Chicago, 1916.

Mwaka 1935 alicheza kwenye filamu na Bill Robinson, yule waliyemwita Bojangles, mfalme wa tapu wa zama zile. Jeni alicheza na suruali, wenzake wakiwa na sketi, na akaruka sarakasi ambazo watu walizoea kuziona kwa wanaume. Mwaka huohuo studio ya filamu ya MGM wakampa mkataba mrefu. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kupata mkataba wa aina hiyo kwenye studio kubwa ya Hollywood. Mkataba ukavunjwa kabla hajaonekana kwenye filamu yao hata moja. Akaenda London kucheza jukwaani. Aliporudi, kazi zilikuwepo, ila nyingi za ujakazi. Mwaka 1948 yumo kwenye filamu moja na Fred Astaire. Astaire anacheza dansi, Jeni ni mjakazi. Miguu ile!

Akafungua shule ya dansi Los Angeles, na 1969 akahamia huku Vancouver, akaendelea kufundisha. Alifariki 2012 akiwa na miaka 96. Hapa mjini watu wengi wanamkumbuka kama mwalimu, habari zake za Hollywood wanazijua baadaye.

Kwa hiyo ile nyanya ya nyongeza ya bintiyo ndiyo yenyewe. Jukwaa huja na kuondoka, ada ya wanafunzi huja kila mwezi. Mimi hainilishi peke yake, nisikudanganye. Wenzangu wanaoishi kwayo wanafundisha shule tatu nne kwa wiki, na gari lao limejaa viatu.

Swali langu ni moja: anafanyia mazoezi wapi?

Baba Tatu
Gereji. Kwenye zege.

Bi Tanga wa Burnaby
Basi mengine tutaongea baadaye, mtoe huko leo! Zege halina huruma, litamla miguu na magoti kabla hajafika 20. Nunua plaiwudi nene, iweke juu ya vipande vya mbao ili chini kuwe na uwazi. Utasikia tofauti mwenyewe: zege linalia kach, mbao inaitika. Halafu mwambie akuoneshe skrubu za vyuma vyake. Ukilegeza kidogo, sauti inakuwa pana. Ukikaza sana, inakuwa kavu. Kama anajua anavyozipenda na kwa nini, huyo kazi anaijua.

Mtu wa Voi
Dada nimekubali. Lakini uuguzi pia.

Baba Tatu
Nimerudi. Plaiwudi imekaa. Nilipomuuliza skrubu, alivua kiatu kimoja, akakishika sikioni kwangu, akakitikisa, akaniuliza, "Umesikia, baba?" Mimi sijasikia kitu. Akacheka, akanipa bisibisi nijaribu mwenyewe.