Nataka kumpeleka mke wangu mkahawa wa Kifaransa Nyali, tuagize nini kisichopikwa kwa mvinyo?

mtu_wa_bamburi
Asalam aleikum wadau. Ijumaa ijayo mimi na mke wangu twatimiza miaka 10 ya ndoa, na mwaka huu sitaki biriani wala samaki wa kupaka, nataka nimpeleke pahali ambapo hajawahi kuingia. Kuna mkahawa mdogo wa Kifaransa huku Nyali, si ule wa suti na tai, ni wa kawaida tu, meza za mbao, menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni, wasema ni chakula cha mashambani kwao. Nilipita jana kutazama nikatoka sikuelewa kitu. Sisi nguruwe hatuli na mvinyo hatutaki hata tone kwenye sosi, na mke wangu akishaingiwa na shaka na chakula basi tena, atakunywa maji tu mpaka turudi nyumbani. Sitaki siku yake iende hivyo. Mwenye kukijua chakula hiki anisaidie tafadhali.

mpishi_wa_pwani
Waleikum salam kaka, hongera sana. Mimi nimekaa jikoni mwa mahoteli ya huku pwani miaka mingi, mingine chini ya mpishi Mfaransa, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Kwenye hicho chakula cha mashambani mvinyo ni kama nazi kwetu, ushatiwa sufuriani kabla hujauliza. Coq au vin ni kuku wa mvinyo, jina lenyewe lasema. Boeuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe mtindo wa Burgundy, huchemshwa polepole kwa mvinyo mwekundu, na zote mbili hutiwa vipande vya bekoni. Cassoulet ya upande wa Toulouse ni maharagwe meupe na bata, yanukia vizuri ajabu lakini ndani mna soseji za nguruwe. Quiche lorraine, ile pai ya mayai na krimu, nayo ina bekoni.

Na mtu asikudanganye kwamba pombe yote hukauka motoni. Ukichemsha robo saa bado yabaki kama asilimia 40, ukifika saa mbili na nusu yabaki kama 5.

Ya kuagiza ni ratatouille, asili yake Nice, biringani na pilipili hoho na nyanya na vitunguu thomu vimepikwa kwa mafuta ya zeituni mpaka vikalainika. Au samaki wa kuchomwa. Steki na chipsi pia sawa ikiwa nyama ni ya halali, ila sosi yake uliza kwanza kwa sababu ile ya pilipili manga mara nyingi hutiwa konyaki. Kubwa kuliko yote, piga simu saa tisa au saa kumi mchana, jikoni kumetulia, uongee na mpishi mwenyewe. Usiku kumejaa watu weita atakujibu lolote ili meza iende.

Halafu tazama chini ya menyu kama bei imeingiza VAT ya asilimia 16 na ile asilimia 2 ya utalii, usije ukashtukia kwenye bili.

mama_wa_mkomani
Huyo mpishi msikize, kaka yangu. Mimi na mzee tulienda mkahawa wa namna hiyo, jina silitaji. Nikamuuliza weita supu ya vitunguu ina nini, akasema vitunguu, mkate na chizi, basi. Ikaja kwenye kibakuli cha udongo, chizi imeiva juu mpaka kahawia na bado yatokota pembeni, nikaivunja kwa kijiko mvuke ukanipiga usoni, nikala kama nusu hivi nikiisifu. Mara mpishi akatoka kusalimia watu, mzee akamuuliza huvipikaje vitunguu vikawa vitamu hivi, naye akaeleza kwa furaha kabisa kwamba huvikaanga taratibu karibu saa nzima halafu huvimwagia mvinyo mweupe. Nikaweka kijiko chini. Waliitoa kwenye bili na wakaomba radhi, lakini mzee alikuwa ameweka akiba ya ile siku miezi, na uso wake ndio ulioniuma mpaka leo. Weita angesema tu sijui, ngoja niulize.

Jengine, kwenye menyu yao entrée ni kile kidogo cha kufungulia, chakula chenyewe kiko chini ya plat. Na mkate huja mwanzo, msiumalize.

mvuvi_wa_likoni
Mukiona bouillabaisse ulizieni hiyo. Ni ya Marseille, wavuvi walikuwa wakipika wale samaki wa miambani wenye miiba ambao sokoni hawauziki, wanatia zafarani, shamari na ganda la chungwa. Mchuzi huletwa kwanza na mkate uliokaushwa, samaki wafuata sahani yao. Watu wa pwani twaijua ladha hiyo bila kufundishwa. Wengine hutia mvinyo mweupe, kwa hiyo simu ya saa kumi ni muhimu.

mtu_wa_bamburi
Nimerudi wadau, shukran nyingi. Nilipiga simu Alhamisi, mpishi akaniambia wazi bouillabaisse yake ina mvinyo na hawezi kuitoa, lakini ratatouille na samaki wa kuchomwa atanipikia kwa sufuria na kikaango kilichooshwa upya. Ijumaa tulipokaa tu alitoka mwenyewe akamrudia mke wangu yale yale, bila kuulizwa. Nikamwona amelegeza mabega. Akala mpaka akapangusa sahani kwa mkate. Mwisho wakatuletea tarte tatin, matofaa yamepikwa na siagi na sukari mpaka yakawa rangi ya asali, unga umefunikwa juu kisha pai yote hupinduliwa, na kando yake krimu. Tulikaa saa mbili na nusu tukiongea, simu zote ziko mkobani. Akaomba kipande kimoja cha kumpelekea mamake, na kwenye tuktuk amekishika mapajani kwa mikono miwili mpaka Bamburi.