Daftari la chuo: nilibebe au niliache Moshi?

Kutoka: muuguzi, Soweto, Moshi

Shikamooni wakubwa. Nimepata kazi ya uuguzi Uingereza, nasafiri mwezi ujao. Hati ziko tayari. Ninaloomba ushauri ni jingine: waliotangulia wananiambia nitatakiwa nisahau yote niliyosoma nyumbani, eti yamepitwa na wakati. Nimepiga zamu miaka sita wodi ya watoto, daftari langu limejaa. Niliache? Na nikiona wanafanya tofauti na nilivyozoea, ninyamaze?

Kutoka: nesi mstaafu, Rau

Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho limenigusa, kwa sababu mimi nilinyamaza na mpaka leo linaniuma.

Kabla sijaondoka Moshi nilikuwa nimeona jambo wodini. Analetwa mtoto ana homa kali, mikono ya baridi, mapigo yanakimbia. Tulivyofundishwa sote, hapa na Ulaya, ni kumfungulia dripu iende mbio. Wengi walipona. Lakini wengine, hasa waliokuwa weupe kwa kukosa damu, walichangamka kidogo kisha usiku wakazimika. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na wasiwasi tu. Nilipofika Uingereza nikauliza mara moja kwenye mafunzo. Mkufunzi akajibu kwamba hayo ni matatizo ya huko kwenu, vifaa hamna. Nikafunga mdomo.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Watoto 3,141, katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili albumini (majimaji yenye protini ya damu) kwa haraka, la tatu halikumiminiwa. Ndani ya saa 48 walifariki kiasi cha asilimia 10.5 ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 ya ambao hawakumiminiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Niliusoma nikiwa zamu ya usiku, nikalia.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapo ndipo utaona elimu ya fani yetu inavyotembea. Hakuna kilichobadilika siku ile. Wataalamu wengi walipinga: hao wana malaria, wana upungufu wa damu, hospitali zenyewe hazina ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria kweli. Watafiti wakarudi kwenye takwimu, wakaonyesha kwamba madhara yalikuwa kwa watoto wa aina zote, wenye malaria na wasio nayo. Mwaka 2013 wakaeleza zaidi: vifo vile vya ziada vilitokana hasa na mzunguko wa damu kushindwa, si maji kujaa mapafuni kama tulivyodhani wengi. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake 2016. Miaka mitano, mwanangu! Na mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali kwa watoto uliotoka 2020 unatenganisha: penye ICU mtoto anaweza kumiminiwa kwa vipimo, pasipo na ICU na presha haijashuka, asimiminiwe. Yale ya Muheza yamo humo, na yeyote anayeufuata anayafuata.

Kwa hiyo daftari libebe. Ila kila ukurasa uandike mwaka, na jambo lile ulilitoa wapi: mwongozo wa wizara, mwalimu, au macho yako mwenyewe. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na chuoni hakuna aliyenifundisha kuvitenganisha. Ukikuta wanafanya tofauti, fuata mwongozo wa wodi ile, usimbadilishie mgonjwa kitu kwa kichwa chako. Kisha muulize kiongozi wa zamu: huu mwongozo ni wa mwaka gani, na ulijaribiwa kwa wagonjwa wa aina gani? Ukiuliza hivyo humkosei mtu heshima.

Jingine. Kila miaka 3 baraza la wauguzi la kule litakutaka uonyeshe saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza (20 kati yake uwe pamoja na wenzako), na maandishi 5 ya tafakuri. Wengi huyaandika dakika za mwisho. Wewe anza mwezi wa kwanza. Utaratibu huo ulianza 2016. Ungekuwepo nilipofika, wasiwasi wangu ungekuwa kwenye karatasi, na tarehe yake.

Kutoka: fundi maabara, Sakina, Arusha

Namuunga mkono mama, ila dada usije ukadhani kila ukurasa wako utatetewa. Mengine yamepitwa kweli. Malaria tu: klorokwini tuliiacha 2001, ikaja SP (vidonge vya sulfadoxine na pyrimethamine), na mwisho wa 2006 tukahamia dawa ya mseto. Vimelea vilikuwa vimezoea dawa. Aliyeshikilia daftari la 1999 alimwumiza mgonjwa, hata kama mwalimu wake alikuwa bora.

Kutoka: muuguzi, Soweto, Moshi

Ahsante mama, ahsante kaka. Jana usiku nimekaa nalo. Kurasa za dripu zimeandikwa kwa mkono wangu, hazina mwaka wala chanzo, na sikumbuki kama nilinakili darasani au wodini. Kesho naingia zamu ya asubuhi, nitamwomba metroni mwongozo wenyewe nilinganishe mstari kwa mstari kabla sijasafiri.