Mshauri kaniuliza kuhusu kifo changu. Nirudi kwake au niachane naye?

Nyakato_41: Wakuu, salaam. Nina miaka 41, mke, watoto watatu na fremu ya vipuri vya pikipiki hapa Mwanza. Biashara si haba. Mwaka jana kaka yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 44, na tangu hapo kuna kitu kimekatika ndani yangu. Siku za kazi zinakwenda tu. Tabu ni Jumapili. Tukitoka kanisani nawashusha nyumbani, halafu nabaki kwenye gari nusu saa nimeshika usukani, siendi popote.

Nikaenda kwa mshauri nasaha nikitegemea mbinu, au hata vidonge. Yeye akaniuliza: "Ukifa na miaka 44 kama kaka yako, utakuwa umeacha nini hujakifanya?" Nikalipa, nikaondoka na hasira. Anasema anafuata saikolojia ya udhanaishi, yaani inayoanzia kwenye maswali ya kifo, uhuru na maana ya maisha. Ni tiba kweli hii, au nimeliwa hela?

Bwana Spana: Mkuu, ongeza mke. Jumapili zitajaa zenyewe.

mwl_mstaafu: Udhanaishi ule wa mwandishi Kezilahabi tuliokuwa tukiusomesha? Kazimoto, mhusika wake wa Kichwamaji, si alijiua! Kimbia.

Dada Nasaha: Mwalimu, usimtishe mwenzio, ile ni riwaya. Mimi niko kwenye fani hii. Irvin Yalom, daktari wa akili Mmarekani, mwaka 1980 alieleza mambo manne ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana. Upweke hapa si kukosa watu. Ni kwamba mkeo akupende vipi, hawezi kufa kwa niaba yako. Kwangu mimi uhuru ndio unaotisha kuliko vyote, maana ukishakubali kuwa unachagua, huna tena wa kumsingizia.

Wasiwasi unaotokana na hayo, washauri wa udhanaishi hawaukimbilii kuuzima. Wewe ni mtu wa vipuri: injini ikigonga, huongezi sauti ya redio.

Na Jumapili yako si ngeni. Viktor Frankl, daktari wa Vienna, aliiandika hali hiyohiyo: pilikapilika za wiki zikisimama, mtu anakutana na utupu uliokuwa umefunikwa.

kijana_wa_soko: Haya maswali ni ya walioshiba. Mwenye njaa anatafuta maana saa ngapi?

Dada Nasaha: Frankl hakushiba, mdogo wangu. Wanazi walimchukua mwaka 1942, akapita kambi nne za mateso, Auschwitz ikiwemo. Wazazi, ndugu yake na mkewe walifia makambini. Huyo ndiye aliyeshikilia kwamba mtu anaweza kunyang'anywa vyote, isipokuwa namna atakavyolipokea lililompata.

Siku moja alijiwa na daktari mzee aliyefiwa na mke, mwaka wa pili huo bado hajainuka. Frankl akamuuliza: ingekuwaje kama ungetangulia wewe? Mzee akasema, angeteseka sana. Basi mateso hayo umemwepusha nayo, Frankl akamwambia, na gharama yake ni wewe kubaki unamlilia. Mzee akampa mkono, akaondoka kimya.

Nyakato, kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali kwanza, leo. Kama si hivyo, rudi kwa huyo mshauri, na hasira yako uende nayo.

Nyakato_41: Ahsante dada. Nalala, nakula. Niseme ukweli: nilikasirika kwa sababu jibu lilinijia palepale. Kaka aliacha mtumbwi nusu kwao Ukerewe, tulikubaliana tuumalize pamoja. Mbao ziko chini ya mwembe, zimefunikwa turubai. Shemeji ameshanipigia mara tatu kwamba mchwa wameanza, na kila mara namwambia mwezi ujao.

Jumapili hii navuka na kivuko. Kwa mshauri nitapita Jumanne.

Bwana Spana: Mkuu, misumari ya mtumbwi usinunue kwa haraka, watakupiga bei. Njoo PM nikuelekeze pa kununua.