Nikibadilisha neno la siri la kontrola ya printa, kazi zitakwama?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Ofisini tuna printa kubwa ya mtandao yenye kontrola yake (kompyuta inayoiendesha), kompyuta zote zinatuma kazi huko. Siku hizi asubuhi tunakuta rundo la karatasi zenye maneno yasiyoeleweka, na usiku hakuna mtu. Nimeambiwa niilinde. Nikibadilisha neno la siri la admini, watu wataendelea kuchapisha?

Kipanga: Wataendelea. Kutuma kazi hakuhitaji neno la siri la admini. Badilisha na la opereta, watu hulisahau.

Mama Wawili: Kwetu bosi alichapisha orodha ya mishahara akasahau kwenda kuichukua. Printa haina adui kama binadamu.

Fundi Kimya: Mleta mada, juu ya hizo karatasi pameandikwa nini?

Mleta mada: GET, halafu HTTP.

Fundi Kimya: Hapo kuna mtu anabisha poti 9100, mlango wa mtandao ambao printa hupokelea kazi. Poti hiyo huchapa chochote inachopokea, haiulizi neno la siri, kwa hiyo swali lako halitibu ugonjwa wako. Mwaka 2018 mtu mmoja alizifanya printa kama 50,000 duniani zichape ujumbe wake kwa mlango huohuo. Mmeifungua kwenye ruta?

Mleta mada: Bosi huchapisha akiwa nyumbani. VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) inamsumbua, ni mtu mzima. Nilidhani neno la siri gumu litatosha.

Kipanga: 😂😂 Hiyo ungeanza nayo!

Mzee wa Busara: Vijana mnapenda njia ya mkato. Mtamwogopa bosi mpaka lini?

Mleta mada: Poti nitaangalia. Ila fundi aliyepita aliondoka na neno la siri, lile la kiwandani nimejaribu limekataa. Hakuna njia ya siri ya kuingilia bila yeye?

Jicho Kali: Chai hii. Mwanzo ulitaka kubadilisha, sasa hata kuingia huwezi. Wewe ndiye fundi aliyefukuzwa.

Mama Wawili: Eeh! Nami nilianza kumhurumia.

Mleta mada: Ningekuwa yeye si ningekuwa nalo?

Jicho Kali: Labda wamelibadilisha baada ya kukutimua.

Fundi Kimya: Awe nani, jibu ni lilelile: barua ya mwenye mashine kwa muuzaji, waje wapandishe upya mfumo wa kontrola. Kabla ya hapo andika pembeni mipangilio yote, maana itafutika. Na ile akaunti inayopeleka skani kwenye seva imehifadhiwa humo ndani. Kama ni ya admini wa mtandao mzima, fundi wenu kaondoka na zaidi ya printa. Ibadilisheni leo, mpya iruhusiwe kuandika kwenye folda moja tu. Neno "public" la SNMP (njia ya kusimamia vifaa vya mtandao kwa mbali), ambalo ni neno la siri la kiwandani, nalo litoke. Ruta ni yenu, poti ifungwe sasa hivi.

Mleta mada: Barua nitaomba. Poti nitafunga Ijumaa, wiki hii bosi ana mikataba ya kuchapisha.

Kipanga: Basi usiku muwe mnatoa karatasi kwenye trei.