Matunzo ya watoto yakokotolewe kwenye mshahara, si kwenye makombo ya mkopo!

Habari wakuu. Nimechukia na sifichi. Wanasheria na maafisa ustawi mliomo humu, uzi huu unawahusu.

Mzazi mwenzangu ni mtumishi wa serikali, mshahara wa msingi 1,150,000. Tulipoachana hakuwa na deni la benki. Nilipoanza kudai matunzo ya watoto wetu wawili, akakimbilia benki kuchukua mkopo wa miaka saba wa kumalizia nyumba yake Chanika. Sasa salari slipu inaonyesha anabakiwa na laki tatu na themanini na kitu, ile theluthi ya mshahara ambayo makato hayatakiwi kuigusa. Slipu hiyo ndiyo aliyoiweka mezani ustawi. Afisa akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho kabisa, akaniambia, "Sasa mama, hapa baba atoe ngapi? Na yeye ale." Ikapatikana elfu hamsini kwa mwezi. Watoto wawili! Mtungi mdogo wa gesi peke yake unakula karibu nusu ya hiyo.

Makato ya lazima sina ugomvi nayo. Kodi, mfuko wa pensheni (PSSSF) asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, bodi ya mikopo ya elimu ya juu asilimia 15, hayo hakuyachagua. Yatoe yote, bado anabaki na kama 730,000. Hesabu ya watoto ianzie hapo! Rejesho la benki, karibu laki tatu na nusu, kalitaka mwenyewe, na nyumba ni yake. Wapangaji wakiingia, kodi anachukua yeye. Kwa hiyo wanangu wapunguziwe chakula ili baba yao apaue?

Halafu ana bodaboda mbili barabarani. Hesabu anayoletewa na madereva ni elfu saba kwa siku kila moja, na hata ukitoa Jumapili zote, kwa mwezi ni zaidi ya 350,000. Nilipozitaja akasema kadi zina jina la mdogo wake. Afisa akanyamaza, akaendelea kuandika.

Kilichoniuma zaidi kilikuja zamu yangu. Mimi nakaanga chapati na kuuza chai asubuhi. Nikaulizwa kwa siku nauza shilingi ngapi, nikasema ukweli, elfu arobaini siku ikiwa nzuri. Akazidisha kwa siku thelathini, akaandika 1,200,000, "kipato cha mama". Ngano haikutolewa, mafuta hayakutolewa, mkaa haukutolewa, binti anayenisaidia hakutolewa. Yaani baba anahesabiwa akishatoa kila kitu mpaka deni la saruji, mama anahesabiwa kabla hajatoa hata kiberiti. Kwenye karatasi ile mimi ndiye tajiri!

Nimeisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 44. Inataka vitazamwe kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wa kupata kipato kama umepungua, majukumu kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mali imeandikwa pale waziwazi. Nyumba ni mali, bodaboda ni mali. Mkopo wa kujenga haujatajwa popote kama mtoto mwingine wa kulelewa.

Sikusaini makubaliano yale, nakwenda mahakamani. Msiniambie "hakimu ataona mwenyewe", maana mahakama huweza kuagiza taarifa ya ustawi kabla ya kuamua, na karatasi yenye hesabu ile ya ovyo ndiyo iko kwenye faili. Nimeshaanza kukusanya risiti za ngano na mafuta, na picha za jengo ninazo.

Mliopita njia hii: taarifa ya ustawi mliipingaje mbele ya hakimu, na mali iliyoandikwa jina la ndugu mliithibitisha kwa njia gani, mashahidi au miamala ya simu? Wa kuniambia "muachie Mungu", naomba apite uzi mwingine.